Mwezi wa Bibi Rhobi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii haihitaji mtu aliyesoma sana kuielewa. Ufunguo wa kabati ukiangukia chini ya kitanda, hata uwe diwani au mwenye ng'ombe mia tatu, utapiga magoti, utaweka shavu sakafuni na utapitisha mkono kwenye vumbi. Kitanda hakimjui mtu. Anayeona aibu kuinama atakaa na kabati lake limefungwa.

Magige, mpiga picha wa Nyasho mjini Musoma, aliijua methali hii tangu darasa la tatu. Aliijua kwa mdomo. Mwili wake ulichukua miaka hamsini na miwili kuielewa.

Hakuwa mpiga picha mbaya. Kwa harusi, kipaimara na picha za pasipoti, watu wa Nyasho hawakuwa na haja ya kwenda mbali. Mtu akifumba macho alimrudia hata mara nane bila kununa. Kasoro yake ilikuwa kiburi, nacho kilinyooka kama suruali yake. Suruali hiyo aliipiga pasi mwenyewe kila asubuhi, hakumwachia mkewe, mpaka mikunjo ikasimama kama wembe, na hakuwa tayari kuiharibu kwa ajili ya picha ya mtu yeyote.

"Mpiga picha hupigaga akiwa amesimama," alizoea kusema. "Anayelala chini ni mlevi."

Kwa msimamo huo alimpoteza Hyasinta, binti wa mama mmoja mwanika dagaa wa kijiji cha rasini. Hyasinta alijifunza kazi kwake miaka miwili. Siku moja, kwenye harusi huko Kamunyonge, bibi harusi alipokuwa anateremka ngazi za kanisa, Hyasinta alilala kifudifudi kwenye kokoto, kamera usoni, ili aipate shela ikipepea juu mawinguni. Magige alimkemea mbele ya wageni wote.

"Inuka hapo! Studio yangu haiajiri mijusi!"

Watu walicheka. Jumatatu yake Hyasinta hakuja kazini, na baada ya muda ikasikika kwamba amefungua studio yake Bunda. Ile picha aliyoipiga akiwa chini ndiyo aliyoitundika bibi harusi sebuleni, lakini hilo Magige hakupenda litajwe.

Ikapita miaka sita. Ndipo akaja Dorah, muuguzi afanyaye kazi Mwanza, mzaliwa wa Butiama. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba magotini, na akasema shida yake moja kwa moja.

"Kaka Magige, mama yangu macho yanakufa. Presha ya macho imemla. La kushoto limezima, la kulia linaona vitu vikubwa tu, na lenyewe halina muda. Namhamishia kwangu Mwanza. Kabla hatujafunga nyumba nataka picha moja."

"Picha ni kazi yangu. Sema."

"Nilipokuwa mtoto, jioni mama alikuwaga anapanda juu ya jiwe nyuma ya boma kuita ng'ombe. Mimi niko kule kisimani nachota maji. Nikiinua macho namwona amesimama, na mwezi unatoka nyuma yake, mkubwa, umemzidi, kama vile amesimama ndani ya ungo. Picha hiyo ninayo kichwani peke yangu. Nataka niitoe kichwani niiweke ukutani, na mama naye aione wakati jicho bado linaona."

Magige akacheka kwa kujiamini. "Mwezi tu? Mimi nimepiga maaskofu, sembuse mwezi ambao hauna hata haraka!"

Alisikia "jiwe". Alisikia "mama". Alisikia "mwezi". Neno "kisimani" lilimpita sikioni kama upepo.

Akatazama kalenda ya ukutani, akaona siku iliyowekewa duara la mwezi mpevu, na siku hiyo akaenda Butiama na kamera yake na stendi ya miguu mitatu. Bibi Rhobi, mama yake Dorah, alikuwa mwembamba kama fimbo aliyoishika, na ulimi wake haukuwa umeugua kitu chochote.

"Wewe wa picha," alimwambia, "mwezi nimeuona miaka themanini. Hiyo ya leo ina nini?"

"Leo utatoka na wewe, bibi."

"Basi uambie ifanye haraka. Ng'ombe yangu inataka kulala."

Magige alisimamisha stendi chini kabisa ya jiwe, hatua kumi kutoka kwa bibi, maana alifundishwa zamani kwamba picha nzuri hupigwa kwa ukaribu. Akangoja. Jua likazama. Giza likaingia. Kwa kuwa alisimama miguuni pa jiwe refu, mwezi ulilazimika kupanda sana angani ndipo uchomoze kichwa chake juu ya bega la bibi, na ulipochomoza ilikuwa inaelekea saa mbili na nusu. Bibi alikuwa anatetemeka kwa baridi na kumtukana kwa lugha ya nyumbani. Magige akawasha taa ya kamera, akapiga.

Kesho yake akaleta picha iliyosafishwa. Bibi Rhobi aliisogeza mpaka pua ikagusa karatasi.

"Mimi niko hapa. Mwezi uko wapi?"

"Huu hapa mama, juu ya bega," Dorah akamwonyesha kwa kidole.

"Sioni."

Dorah aliitazama. Mama yake alikuwa ameng'aa uso kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku, nyuma yake weusi mtupu, na kwenye weusi huo kidoa cheupe.

"Kaka Magige," alisema polepole, "hiki ni kidonge cha kichwa?"

Dorah hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alimwambia tu kwamba angerudi mwezi ujao kumchukua mama, gari lingekuja Jumamosi asubuhi, na kwamba siku hizo mwezi ungekuwa unakaribia kujaa tena. "Ukiona huwezi, niambie mapema. Ikipita hiyo, hakuna nyingine. Jicho halitangoja."

Majuma yaliyofuata Magige aliusumbua mwezi kutoka uani kwake kila jioni ulipoonekana. Kila alipouvuta karibu ulitoka sahani nyeupe isiyo na sura. Aliongeza mwanga, ukawa mweupe zaidi. Alibana pumzi, bado picha ikatikisika. Mkewe Penina alikuwa anachambua dagaa mlangoni akimwangalia.

"Hyasinta alipigaga mwezi," Penina akasema. "Mpaka makovu yake yanaonekana. Nimeona kwenye simu ya mama Boke."

"Najua."

"Bunda si Ulaya. Nenda ukamuulize."

"Nikamuulize mtoto niliyemfundisha kushika kamera?"

"Basi endelea kupiga vidonge," Penina akajibu, akarudi kwenye dagaa zake.

Magige alishindana na nafsi yake mpaka Jumatano ya juma lile la mwisho. Usiku alikuwa amekumbuka jinsi bibi alivyoigusisha karatasi puani na kusema "Sioni". Asubuhi akapiga pasi suruali, akaenda Bunda.

Studio ya Hyasinta ilikuwa na wateja watatu wanaongoja pasipoti. Ukutani palitundikwa mwezi mzima, mwekundu kidogo, na mbele yake mitumbwi ya dagaa imefungwa ufukweni.

"Shikamoo, mwalimu," Hyasinta alisema. Hakutabasamu.

"Marahaba. Nimekuja nina shida."

"Mijusi leo wamepata soko?"

Magige angeweza kugeuka, mlango ulikuwa nyuma yake. "Nilikukosea pale Kamunyonge," alisema kwa sauti ya chini.

"Pale Kamunyonge kulikuwa na watu mia mbili, mwalimu. Sasa unaniomba radhi ukinong'ona na kabati?"

Magige akawageukia wale wateja watatu. Masikio yalimwaka moto. Akapaza sauti kama anayesoma matangazo kanisani: "Jamani, mimi huyu binti nilimtukana mbele za watu. Nilimwita mjusi. Yeye alikuwa anajua kazi, mimi nilikuwa naogopa kuchafuka. Nimekosa."

Mmoja wa wateja, mzee mwenye koti, akasema, "Sawa, mzee mwenzangu, ila sisi tumekuja kupiga pasipoti tu."

Hyasinta akaangua kicheko, na kicheko hicho kikamaliza miaka sita. Akamvutia kiti.

Magige alisimulia yote. Hyasinta alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. "Huyo Dorah, alipouona mwezi mkubwa, yeye alikuwa wapi?"

"Alikuwa..." Magige akasita. "Kisimani."

"Kisima kiko mbali na jiwe?"

"Kama hatua mia tano. Bondeni kule."

"Basi alishakwambia kila kitu siku ya kwanza. Mwezi haukui wala haupungui, mwalimu. Bibi ndiye anayekuwa mdogo ukirudi nyuma. Ukisimama miguuni pake, yeye ni mlima na mwezi ni kidonge. Ukienda kisimani, yeye anakuwa mfupi kama kidole, mwezi unabaki ulivyo, unampita. Halafu unawavuta wote wawili kwa hii." Akatoa kabatini lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima.

Akamweleza na mengine. Kwao rasini, dagaa huvuliwa kwa taa kwenye giza. Mwezi ukijaa, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inafungwa na wanaume wanashona nyavu. Kwa hiyo kila mtoto wa huko anazijua siku za mwezi kama anavyojua majina ya shangazi zake. "Kalenda yako inakupa siku ya kujaa. Siku hiyo unatoka jua likiwa linazama, ukipanda kidogo tu ni giza. Wewe chukua siku moja kabla. Siku hiyo unatoka wakati jua bado liko upande wa pili. Jua linampiga bibi usoni, mwezi uko mgongoni. Huhitaji taa yoyote."

"Na ile sahani nyeupe?"

"Kamera yako inaona weusi mwingi, inafumbua jicho, mwezi unaungua. Mwezi si taa, mwalimu. Ni jiwe lililoanikwa juani. Nilijifunza kwa dagaa za mama: zikianikwa saa sita mchana zinameta, ukifumbua kamera zinakuwa chokaa, ukiibana unaona mpaka macho yao. Ubane mwezi kama dagaa. Na ukishapanga kila kitu usiiguse kamera kwa kidole. Weka ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili, ili mkono wako usiitikise."

Alhamisi walikwenda wote Butiama kupeleleza. Waliuona mwezi ukitoka mapema, umepauka kama ukucha, na Hyasinta akapima kwa kidole ulivyopita kando ya jiwe. Akatembea huku na huko bondeni, kisha akasimama kando ya kisima, mahali ng'ombe wanyweapo maji, ambapo pana ua mnene wa michongoma. Akalala kifudifudi kwenye tope, akachungulia chini ya matawi.

"Kesho utapita hapahapa," alisema kutoka chini. "Kuna dirisha hapa chini ya mchongoma. Juu kote matawi. Kushoto kuna nguzo ya umeme, kulia kuna bati la jirani. Ni hapa tu."

Magige alitazama lile tope. Lilikuwa nusu tope, nusu samadi.

"Kesho nitasogeza tawi," alisema.

Hyasinta alinyanyuka, akajipangusa magoti. "Kesho mimi nina sendofu ya bibi harusi Bunda, siwezi kuja. Lenzi hii hapa, na huu mfuko wa mchanga wa kuilaza, maana stendi yako haishuki huku chini. Mwezi ukifika kwenye jiwe una dakika mbili. Haurudi."

Ijumaa Magige alifika bondeni saa kumi na moja. Mazoea ni ugonjwa: alikuwa amevaa shati jeupe na ile suruali ya wembe. Kule juu Dorah alikuwa amejificha nyuma ya jiwe, simu sikioni, na Bibi Rhobi amekaa kwenye kigoda akingoja kuitwa.

Magige alijaribu kusogeza tawi. Likamchana mkono na kurudi palepale. Alisimamisha stendi kushoto: nguzo ya umeme ikakata anga kati yake na bibi. Akaihamishia kulia: bati la jirani likamrushia jua machoni. Akaitandaza miguu ya stendi mpaka mwisho akaweka kamera kiunoni: matawi matupu. Jua lilikuwa limelegea mgongoni kwake, rangi ya asali, na jiwe kule juu lilikuwa limewaka. Ndipo ukingo wa mwezi ukachungulia nyuma ya kilima, taratibu, kama mtu anayechungulia mlangoni kabla ya kubisha hodi.

"Kaka Magige, nauona!" Dorah akasema kwenye simu. "Mama asimame?"

"Asimame!"

Bibi akapanda juu ya jiwe kwa kupapasa, fimbo mkononi. Kwa macho ya kawaida Magige alimwona kama kijiti. Kwenye kamera aliona majani.

"Umepata?"

"Bado."

"Kaka, unapanda!"

Aliitazama suruali yake. Aliutazama mchongoma. Akaisikia tena ile sauti, "Sioni," na akajua kwamba kesho saa hizi gari litakuwa limeshapita Bunda, limeacha jiwe na mwezi nyuma.

Akaanguka magoti. Halafu kifua. Tope la samadi likampokea kwa baridi, likaingia kwenye shati, likapanda mpaka kidevuni. Akajivuta kwa viwiko chini ya matawi, miiba ikimkwaruza mgongo, akaulaza mfuko wa mchanga, akailaza lenzi juu yake, shavu likagusa ardhi. Na pale chini ya mchongoma palikuwa na dirisha.

Bibi Rhobi alikuwa amesimama ndani ya mwezi. Ulikuwa umemzidi urefu mara mbili, wa rangi ya ndizi mbivu, na makovu yake yote yalionekana. Jua lilimpiga usoni. Magige aliubana mwezi kama dagaa mpaka sura yake ikatulia, akaiweka kamera ijipige yenyewe, akaondoa mkono. Sekunde mbili. Ikalia. Akarudia. Ikalia.

"Mwambie aite ng'ombe!" alipiga kelele kwenye simu iliyokuwa topeni.

"Nini?"

"Aite ng'ombe, kama zamani!"

Kule juu bibi kizee aliinua mkono wake wenye fimbo, akaelekeza kinywa bondeni, akaita. Sauti ilishuka nyembamba na ndefu mpaka kisimani. Kamera ikalia mara ya tatu. Kisha mwezi ukampita kichwani, ukaenda zake.

Magige alibaki amelala palepale. Ng'ombe wawili walioisikia sauti ile walimpita kandokando, mmoja akamnusa kisigino.

Alipofika nyumbani Nyasho, Penina alimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Mume wangu ameniacha asubuhi amevaa nyeupe. Wewe ni nani?"

"Mjusi," Magige akajibu. "Washa jiko, nataka maji ya kuoga."

Jumamosi alfajiri aliisafisha ile picha ya tatu kwenye karatasi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na saa mbili asubuhi alikuwa Butiama, kamera begani. Gari lilikuwa limeshapakiwa. Bibi Rhobi alikuwa ameketi kiti cha mbele, mlango wazi, fimbo kati ya magoti, uso umekaza kama mtu anayepelekwa asikotaka. Dorah aliipokea picha, akaitazama. Akamwekea mama yake magotini.

Bibi hakuisogeza puani. Aliiacha palepale ilipokuwa, akainamisha kichwa kidogo, jicho lile moja likatulia.

"Hii kubwa ya njano," aliuliza, "ni nini?"

"Sema wewe mama."

Kidole cha bibi kikazunguka ukingo wa ule mwezi, polepole, mzunguko mzima, hakikutoka nje ya mstari hata kidogo.

"Naiona," alisema. "Hii naiona." Kidole kikasimama katikati, kwenye kile kiumbo kidogo kilichoinua mkono. "Na huyu mjinga anayeita ng'ombe ni mimi."

Akacheka, na machozi yakamtoka kwenye macho yote mawili, lile linaloona na lile lisiloona. Halafu akavuta hewa puani mara mbili, akamgeukia Magige.

"Wewe wa picha. Mbona kamera yako inanuka samadi?"

"Nililala chini, bibi."

"Ulilala wapi?"

"Kisimani, chini ya mchongoma."

Bibi Rhobi akatikisa kichwa, akaipigapiga picha magotini. "Mara ya kwanza ulisimama, ukaniletea kidonge. Jana umelala, ukaniletea mwezi." Akavuta mlango wa gari akaufunga mwenyewe.

Gari liliondoka, na Magige akabaki barabarani na suruali aliyoivaa jana, tope limeikaukia, haina mkunjo wa pasi hata mmoja. Alikuwa anakwenda Bunda kurudisha lenzi, na hakutaka kubadilisha nguo kwanza. Alitaka Hyasinta aone. Kwa maana alikuwa ameshajua sasa kile ambacho alikuwa akikisoma ubaoni tangu utotoni bila kukijua: mtaka cha mvunguni sharti ainame, hata kama anachokitaka kiko juu angani.